Jinsi ya Kupima Kama Sanaa Inafunzwa Kweli Shuleni na Mtaani Kwako Mombasa

Karibu kila mwezi mtu hunipigia simu na swali lile lile. Mara ni kijana wa kikundi cha Kisauni anayetaka kuandika ombi la ufadhili, mara ni mwalimu aliyehamishiwa shule mpya, mara ni mama wa Changamwe ambaye mwanawe huchora juu ya kila karatasi inayopita mbele yake. "Nitajuaje kama watoto wa huku kwetu wanafunzwa sanaa?" Nimejibu kwa mdomo mara nyingi, na kila mara nikikata simu nakumbuka jambo la maana nililolisahau. Ndiyo maana nimeandika yote hapa.

Shika neno moja tangu mwanzo: sanaa inaweza kuwa kwenye ratiba na isiwe mkononi mwa mtoto. Utakachopima ni umbali ulio kati ya ratiba na mkono huo. Ukilishika hilo, hata ukiruka hatua moja au mbili hutapotea sana.

Kabla ya kuanza, uwe na haya

- Daftari lenye jalada gumu. Simu inafaa kwa picha, lakini mwalimu huzungumza kwa uhuru zaidi akiona kalamu kuliko akiona kinasa sauti.
- Wenzako wawili au watatu, na mmoja wao awe mwanamke. Bila yeye hutaingia wanapofunzana lelemama, ngoma ya wanawake, wala hutakaa na bibi anayewaonyesha wasichana jinsi ya kupaka hina na piko.
- Barua ya utambulisho yenye muhuri wa kikundi, chuo kikuu au chama chako.
- Kalenda ya mihula ya mwaka huo, na tarehe za Ramadhani.
- Nauli ya kwenda mara mbili. Kila shule utairudia.
- Wiki 6 hadi 8 kwa wadi moja. Anayekuahidi kumaliza kwa siku 3 atakuletea orodha ya majina ya shule, basi.

Hatua ya 1: Chagua wadi moja, andika swali moja

Mombasa ina kaunti ndogo 6, yaani Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, na ndani yake wadi 30. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333. Kaunti nzima itakushinda. Anza na wadi unayoijua vichochoro vyake.

Kisha andika swali lenye mtoto ndani yake: "Mtoto wa Gredi ya 5 anayekaa Mtongwe anaweza kujifunza sanaa gani, wapi, mara ngapi kwa wiki, na kwa gharama gani?" Ukiandika "hali ya elimu ya sanaa Likoni" utamaliza ukiwa na insha.

Hatua ya 2: Orodhesha sanaa kwa majina ya wenyewe

Hapa ndipo wengi huharibu, na mimi niliharibu kabla yao. Mwaka wangu wa kwanza niliingia chuo kimoja, chuo kwa maana yetu sisi ya hapa, madrasa, nikamsalimia maalim na kumuuliza, "Maalim, watoto hapa hufunzwa muziki?"

Alinitazama kwa muda. "La, mwanangu. Hapa hapafunzwi muziki."

Nikaandika sifuri. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni, chumba cha nyuma kikaanza. Zaidi ya watoto 30, sauti zimegawanywa za juu na za chini, dufu mbili, na msichana wa miaka kama 12 akiwaongoza wenzake kwa kidole. Nikarudi ndani kwa adabu. "Na hii, maalim?"

"Hii ni kaswida. Tunajitayarisha kwa Maulidi."

Maalim hakunidanganya. Neno langu ndilo lililokuwa baya. Kwa hiyo usiulize "sanaa" wala "muziki" peke yake. Uliza kitu kimoja kimoja kwa jina lake: kuchora, kufinyanga udongo, kusuka ukili, kushona kofia kwa mkono, kuchonga nakshi za milango, hina na piko, kuandika khati ya Kiarabu, kuunda vitu kwa mabaki. Kwa upande wa sauti na midundo: kwaya, kaswida, dufu, kayamba, nzumari, ngoma. Kwa upande wa mwili: sengenya ya Wadigo na Waduruma, mwanzele ya Wagiriama, chakacha, lelemama, na densi za vijana wa leo. Kwa upande wa maneno: mashairi, ngonjera, hadithi, maigizo, na filamu fupi za simu.

Ushairi usiuache. Huu ni mji wa mshairi Muyaka bin Haji, na bado wako wazee mtaani wanaoweza kumsahihishia mtoto mizani bila kushika kalamu. Nimeona tathmini nzuri za Mji wa Kale zisizo na mstari hata mmoja kuhusu ushairi, kwa sababu fomu ilikuwa na sehemu nne tu: kuchora, muziki, densi, maigizo.

Onyo: kwenye ripoti, usiite kaswida "muziki" kama wenyewe hawaiiti hivyo. Fungua safu ya "sauti na midundo", kila mtu atakaa humo kwa amani.

Hatua ya 3: Tafuta orodha ya shule na vituo

Jua kwanza nani anashika nini, usije ukazungushwa. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali ya kaunti, na vivyo hivyo shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho ya kaunti. Shule za msingi na sekondari ni za serikali ya kitaifa, na walimu wake huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Kwa hiyo orodha utaipata katika milango miwili: ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kwa shule za msingi na sekondari, na idara ya elimu ya kaunti kwa chekechea na ufundi.

Orodha ya ofisini haitatosha. Shule ndogo za kibinafsi zenye ada nafuu, zile za mabati katikati ya nyumba, mara nyingi hazimo, na huko ndiko wanakosoma watoto wengi wa mitaa iliyosongamana. Mwendee mzee wa mtaa akutembeze. Ongeza shule za watoto wenye ulemavu, vyuo vya dini, na makanisa yenye kwaya za watoto.

Kwa vituo vya nje ya shule, anza na vinavyojulikana: Little Theatre Club kwa maigizo, Swahilipot Hub karibu na Fort Jesus kwa vijana, Kituo cha Utamaduni wa Waswahili Mji wa Kale kwa ufundi wa mkono, Alliance Française, karakana za Bombolulu zinazoendeshwa kwa ajili ya mafundi wenye ulemavu, na ushirika wa wachongaji Wakamba kule Changamwe. Usiandike kwamba kituo "kinafunza" kwa sababu jina lake ni kubwa. Nenda uone ni siku gani, saa ngapi, watoto wa umri gani. Kituo kinachofunza watu wazima hakimsaidii mtoto wako wa Gredi ya 5, hata kiwe kizuri namna gani.

Hatua ya 4: Omba ruhusa kwa utaratibu

Peleka barua kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo kabla hujagonga lango la shule yoyote. Mwalimu mkuu akiona barua imepita huko, moyo wake hutulia. Kama unafanya utafiti wa chuo kikuu, utahitaji kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, yaani NACOSTI.

Picha za watoto ni jambo la peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua na kutumia taarifa za mtoto, na uso wake ni taarifa. Mimi hupiga picha za mikono na za kazi, sura naziacha. Kwa kipimo chetu mkono unasema zaidi hata hivyo.

Hatua ya 5: Siku ya shule

Fika mapema, kabla ya gwaride likiwezekana. Angalia mambo manne kwa mpangilio huu: ratiba, mwalimu, vifaa, kazi za watoto. Ukianza na vifaa utapelekwa ofisini, uonyeshwe vikombe, na asubuhi itakuwa imekwisha.

*Ratiba.* Katika mtaala wa umilisi, ule watu wanaouita CBC, somo la Sanaa Bunifu la Gredi ya 4 hadi ya 6 lina vipindi 6 kwa wiki vya dakika 35. Sekondari Msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, Sanaa na Michezo ina vipindi 5 vya dakika 40. Lakini elewa kilichomo ndani: masomo yaliyokuwa mbalimbali, yaani uchoraji na ufundi, muziki, na elimu ya viungo, yameunganishwa kuwa somo moja. Shule inaweza kutimiza vipindi vyote 6 kwa mpira uwanjani, na ratiba isionyeshe kasoro yoyote. Kwa hiyo uliza: "Wiki iliyopita, kati ya vile vipindi 6, vingapi watoto walichora au kuunda kitu? Vingapi waliimba au kupiga ala? Vingapi vilikuwa michezo? Vingapi vilichukuliwa na Hisabati?" Hilo la mwisho liulize kwa upole. Mwalimu anayekujibu ukweli amekufanyia hisani, usimlipe kwa kuandika jina lake.

*Mwalimu.* Usiulize tu kama yupo. Uliza alisomea nini, na kama kuna sehemu ya somo anayoikwepa. Mwalimu mmoja wa Kisauni aliniambia waziwazi: "Kuchora naweza. Noti za muziki sizijui, ninapofika hapo nawaimbisha wimbo wa taifa." Jibu hilo lilikuwa na thamani kuliko fomu zote nilizojaza wiki ile.

*Vifaa.* Hesabu kwa mtoto, usihesabu kwa shule. Brashi 12 kwa watoto 60 ni mtoto mmoja kati ya 5. Kisha uliza ufunguo wa kabati uko kwa nani. Katika shule moja nilionyeshwa kinanda kizuri ambacho wazazi walichanga fedha kukinunua. Kilikuwa juu ya kabati ya ofisi, bado kimevaa plastiki yake, mwaka wa 2 tangu kinunuliwe, kwa sababu kila mtu aliogopa kukiharibu. Nilisimama pale na moyo ukaniuma, kwa maana dirishani kulikuwa na watoto wanakichungulia. Usiandike "kinanda: 1". Andika "kinanda: 1, hakijaguswa".

Na usidharau vifaa vya bure. Pwani ina makuti, ukili, vifuu, makombe ya baharini, udongo na mkaa. Shule isiyo na rangi hata moja lakini watoto wake wanasuka mikeka midogo kila Ijumaa iko mbele ya ile yenye kinanda juu ya kabati.

*Kazi za watoto.* Huu ndio ushahidi wenyewe. Omba kuona kazi 10 za darasa moja, uchague wewe majina kutoka kwenye rejista, mwalimu asikuchagulie. Tazama tarehe. Tazama kama kazi zote 10 zinafanana. Zikifanana kabisa, walinakili ubaoni. Mwisho kaa na watoto 6 au 8, mwalimu akiwa mbali kidogo, uwaulize: "Mara ya mwisho mlishika rangi lini? Mlitengeneza nini? Iko wapi sasa?" Mtoto aliyetengeneza kitu kwa mkono wake hukumbuka kilipo. Asiyetengeneza hutazama chini.

Hatua ya 6: Toa alama, na usidanganywe na vikombe

Kwa kila aina ya sanaa uliyoiorodhesha, ipe shule alama moja:

0: haipo.
1: ipo kwa jina, ratibani au kwenye mazungumzo, bila kazi ya mtoto ya kuonyesha.
2: ipo kwa wachache, kupitia klabu au kikosi cha mashindano.
3: ipo kwa kila mtoto wa darasa hilo, angalau kila wiki mbili, na ushahidi umeuona.

Kati ya 1 na 3 ndimo mlimo na mtego mkubwa: tamasha. Tamasha la Muziki la Kenya lilianza 1927, na lile la maigizo 1959, na shule zetu nyingi za Pwani hupenda sana kushindana. Ni jambo zuri, na wasanii wengi walianzia huko. Lakini shule ya watoto 900 inayopeleka watoto 40 jukwaani imefunza watoto 40. Wale 860 walikaa uwanjani kutazama mazoezi. Hiyo ni 2, hata kama walifika fainali za kitaifa. Watakubishia, uwe tayari.

Kumbuka pia maigizo huwa moto muhula wa kwanza, muziki na ngoma muhula wa pili, na muhula wa tatu mitihani hutawala. Ukienda mara moja tu, utakuwa umepima msimu. Enda mihula miwili tofauti.

Kwa Sekondari Pevu, iliyoanza na Gredi ya 10 Januari 2026, swali ni jingine: je, shule inatoa mkondo wa Sanaa na Michezo, au ina ule wa Sayansi na ule wa Sayansi za Jamii tu? Na kama inautoa, ni masomo gani hasa yana mwalimu: muziki na densi, sanaa za maonyesho na filamu, au sanaa za kuona? Mtoto anayependa uchongaji hafaidiki na mkondo wa sanaa wenye mwalimu wa kandanda peke yake. Kwa wazazi wa Gredi ya 9, huu ndio mstari watakaoutafuta kwanza katika ripoti yako, uandike wazi, shule kwa shule.

Hatua ya 7: Ingia mtaani

Mafundi wetu hawana ubao wenye maandishi "tunafunza". Mchonga milango wa Mji wa Kale anafunza kwa kumwacha kijana akae naye, amshikie ubao, apige msasa, mpaka siku moja anampa patasi. Ukienda na fomu atakuambia yeye hafunzi. Ukikaa saa moja utawaona wanafunzi wake wawili.

Nenda wakati kazi imepoa, baada ya alasiri. Salimia, kaa, nunua chai. Kisha uliza mambo haya kwa namna ya mazungumzo: Kijana huanza na umri gani? Hulipa, au hulipwa? Msichana akija, atapokelewa? Huchukua muda gani mpaka ashike kazi peke yake? Na hili, ambalo nisingeacha kuliuliza kamwe: "Wewe ulijifunza kwa nani, na nani anajifunza kwako sasa?" Jibu likiwa "nilijifunza kwa marehemu babangu, na sasa hakuna mtu", andika kwa herufi kubwa. Hapo kuna darasa linalofungwa, na hakuna ofisi itakayotoa tangazo.

Vikundi vya ngoma na densi utavipata kumbini na viwanjani jioni. Kwa hivyo angalia hata taa. Mazoezi yanayoanza saa moja usiku mahali pasipo na taa yanawaondoa wasichana bila mtu yeyote kuwakataza.

Hatua ya 8: Pima njia ya kumfikisha mtoto

Kituo kinaweza kuwa karibu kwenye ramani na mbali kwa miguu. Mtoto wa Likoni anaiona minara ya kisiwani kutoka ufukweni kwao. Feri haimtozi mtembea kwa miguu, lakini ina foleni, ina msongamano wa jioni, na kuna mzazi anayeogopa kumwachia mtoto wa miaka 10 avuke peke yake, na ana haki kuogopa. Kwa hiyo usiandike kilomita. Tembea mwenyewe kutoka katikati ya wadi hadi kituoni saa ile ile ambayo mtoto angetembea, uandike dakika, nauli ya matatu au tuktuk, na barabara kubwa ngapi za kuvuka.

Halafu linganisha saa za kituo na saa za mtoto. Wengi wa watoto wetu huenda chuo Jumamosi na Jumapili asubuhi, wengine pia jioni baada ya shule. Darasa la kuchora la Jumamosi saa tatu asubuhi halipo kwao, hata likiwa la bure, hata likiwa nyumba ya pili. Nimeona mradi mzuri ukilaumu wazazi wa Majengo kwamba "hawapendi sanaa", na kosa lilikuwa saa. Waliposogeza darasa hadi saa tisa alasiri, viti vilijaa.

Hatua ya 9: Sikiliza walioachwa nje

Kabla ya kujumlisha, tafuta watoto watatu: mwenye ulemavu, aliyeacha shule, na msichana wa umri wa balehe. Waulize swali lako la Hatua ya 1. Usipite hatua hii hata kama muda umekwisha.

Hatua ya 10: Jumlisha bila kuficha

Huhitaji programu maalumu. Chora jedwali: mistari ni shule na vituo, safu ni aina za sanaa, ndani alama 0 hadi 3. Pembeni ongeza safu tatu: watoto wangapi hufikiwa, saa ngapi kwa mwezi, gharama kwa mtoto.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule ina watoto 840. Gredi ya 4 hadi ya 6 ni watoto 300, hupata kipindi 1 cha kuchora kwa wiki kwa kweli. Hiyo ni dakika 35 mara 4, sawa na dakika 140 kwa mwezi kwa mtoto. Kikosi cha ngoma kina watoto 32, hufanya mazoezi saa 12 kwa mwezi, muhula mmoja tu. Usijumlishe useme "watoto 332 hupata sanaa". Wale 32 huenda wamo ndani ya 300. Ripoti kila mstari peke yake.

Wala usitoe wastani wa wadi nzima. Shule moja tajiri huinua wastani na kuzifunika nne zenye sifuri. Andika: "Kati ya shule 9, ni 2 zilizo na alama 3 kwa kuchora, 5 zina 1, na 2 zina 0." Hata chifu aliye na haraka ataelewa.

Hatua ya 11: Rudisha matokeo, na uyapeleke kwa wakati

Walimu wakuu wapate kwanza, faraghani, kabla ya baraza. Aliyekufungulia mlango asisome alama zake mbele za watu.

Kama unataka kaunti itenge fedha za ukumbi, vifaa vya chekechea au wafundishaji wa vyuo vya ufundi, fuata kalenda ya bajeti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, taarifa ya mkakati wa fedha kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Ripoti inayofika Mei ni nzuri kwa kusomwa. Inayofika Julai au Agosti, kabla ya mpango kufungwa, inaweza kuingizwa ndani. Nenda kwenye vikao vya ushirikishwaji wa umma na ukurasa mmoja mkononi, usiende na kitabu.

Mambo yakikwama

*Mwalimu mkuu amekataa.* Usibishane. Rudi na mtu wa bodi ya shule au wa chama cha wazazi. Akikataa tena, zungumza na wazazi na watoto nje ya shule, na kwenye jedwali uandike "hatukuruhusiwa". Usiandike 0, kwa maana hujui.

*Walimu wananiona mkaguzi.* Onyesha fomu yako tangu mwanzo, waione haina nafasi ya jina la mwalimu. Kisha anza kwa kuuliza wanachokihitaji wao.

*Ofisi haitoi orodha.* Andika ombi rasmi ukitaja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Ikinyamaza, mpelekee shauri Tume ya Haki za Kiutawala, ile ya Ombudsman. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

*Watoto wote wanatoa jibu moja.* Wameandaliwa. Waambie wachore au waimbe kitu pale pale, kisha tazama. Dakika 10 zinatosha.

*Mzazi anasema sanaa ni kupoteza muda.* Usimhubirie. Muulize alipokuwa mdogo alifunzwa nini kwa mkono na nani. Nimemsikia baba mmoja wa Mikindani, aliyeanza kwa kusema hayo hayo, akizungumza robo saa juu ya babu yake aliyekuwa akiwasukia mitego ya samaki, akionyesha kwa vidole namna fito zilivyopishana. Aliponyamaza aliuliza kama yuko mtu anayefunza hivyo siku hizi. Liandike swali lake kama alivyolisema.

*Shule na watoto wanapingana.* Shule inasema kila wiki, watoto wanasema tangu muhula uliopita. Rudi kwenye tarehe za kazi 10 ulizoziona. Kama hazikati shauri, andika yote mawili bega kwa bega.

*Nimemaliza, na miezi 4 baadaye nusu ya vituo vimehama.* Ni kawaida, vikundi vingi hufanya mazoezi penye ukumbi wa kuazima. Weka tarehe ya kutembelewa kwenye kila mstari wa jedwali, na kabla ya kila muhula kufunguliwa piga simu kituo kwa kituo. Kwa wadi moja ni asubuhi moja tu, na anza na wale mafundi waliosema hakuna anayejifunza kwao.